Magongo ya Wanawake: Kwa Nini Ligi Kuu Haijapanda Milima ya Gusii

Wasichana wa shule za upili wanapochuana katika mchezo wa magongo, jina la Nyamira halikosi kutajwa. Nyamira Girls ni miongoni mwa timu zinazoogopwa nchini, na kwa shabiki aliyeketi Nairobi au Mombasa maana yake ni moja tu: Kaunti ya Nyamira, kule kwenye mashamba ya majani chai, inajua kulea wachezaji. Pongezi hizo huenda pasipo pake. Shule hiyo iko Bondo, Kaunti ya Siaya, na kaunti inayobeba jina hilo iko mbali kusini, ng'ambo ya ghuba ya Winam.

Ukiivuka ghuba hiyo ukapanda milima hadi Nyamira yenyewe na jirani yake Kisii, mazungumzo ya michezo hubadilika. Huko watu huulizana Shabana imecheza vipi, timu ya kandanda iliyorejea Ligi Kuu mwaka 2023 baada ya kukaa nje kwa miaka 17. Wasipozungumzia Shabana, watazungumzia riadha. Tangu Naftali Temu, mzaliwa wa Nyamira, alipoiletea Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki katika mbio za mita 10,000 kule Mexico City mwaka 1968, Gusii, yaani Kisii na Nyamira, imejijengea jina kwa miguu. Magongo, na hasa ya wanawake, hayajapata kiti kwenye baraza hilo.

Majina yaliyozoeleka katika Ligi Kuu ya Wanawake, inayosimamiwa na Chama cha Magongo Kenya (KHU), ni Blazers, Scorpions wa Chuo Kikuu cha Strathmore, Spartans wa USIU, Amira Sailors, Sliders, Vikings, Chuo Kikuu cha Kenyatta, Mombasa Sports Club na Lakers wa Kisumu. Orodha hubadilika kila msimu, huyu akishuka daraja na yule akipanda, lakini ramani yake haisogei sana: Nairobi na viunga vyake, Mombasa, Kisumu.

Haiwezi kusemwa kwamba Gusii imekosa watu. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu wakazi 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Wala haikukosa shule: Nyabururu, Kereri na Sironga ni majina makubwa kwa mzazi yeyote anayemtafutia bintiye nafasi ya bweni. Kinachokosekana kiko kwingine, na ili kukiona ni lazima kwanza kufahamu klabu ya magongo huzaliwa wapi.

Mwajiri kwanza, uwanja baadaye

Timu ya kandanda inaweza kuanzishwa na vijana wa mtaa mmoja wenye mpira mmoja. Magongo hayaendi hivyo. Kila mchezaji anahitaji gongo lake, viatu vinavyoshika ardhi, vilinda ugoko na kilinda meno. Kipa anahitaji kofia ngumu yenye wavu wa chuma, kinga ya kifua, glavu nene za mikono yote miwili, pedi za miguu na viatu vya kupigia mpira. Mpira wenyewe una uzito wa gramu 156 hadi 163 na ugumu unaoweza kuvunja mfupa, kwa hiyo hakuna anayesimama langoni bila vifaa hivyo. Gharama ya kumvisha kipa mmoja inatosha kununua mipira ya kandanda ya shule nzima.

Ndiyo maana klabu za wanawake zilizodumu Kenya zimesimama juu ya taasisi. Mfano mkubwa ni timu inayoitwa Blazers leo. Mizizi yake iko katika lile shirika la umma la Posta na Simu lililogawanywa mwaka 1999, ambapo upande wa simu ukawa Telkom Kenya. Kampuni ya Ufaransa iliponunua hisa nyingi za Telkom mwaka 2007 na kuleta jina la Orange, wachezaji nao wakavaa Orange. Jina la Telkom liliporudi mwaka 2017, likarudi hadi kwenye jezi. Mwanzoni mwa miaka ya 2020 udhamini ukakatika, na timu ikaamua kuendelea ikiwa na jina lake yenyewe, Blazers.

Katika safari hiyo yote walikuwa wababe wa nyumbani, na barani Afrika walitwaa Kombe la Klabu Bingwa mara nyingi, wapinzani wao wakubwa wakiwa wanawake wa Mamlaka ya Mapato ya Ghana. Hata huko, basi, fainali imekuwa ya mwajiri dhidi ya mwajiri: kampuni ya simu upande mmoja, watoza ushuru upande wa pili. Chini ya kocha Jos Openda, wachezaji kama Jackline Mwangi, Audrey Omaido na Barbara Simiyu walikuwa majina ya kila wiki kwenye kurasa za michezo.

Jambo la kuangaliwa katika historia hiyo ni kwamba timu ilibadilisha jina mara kadhaa na haikuhitaji kubadilisha makao. Haikuwa timu ya mji wala ya mtaa. Ilikuwa timu ya kazini, na kazi ilikuwa Nairobi.

Mtindo huo haumo kwenye magongo peke yake. Katika voliboli ya wanawake, Kenya Pipeline, KCB na Magereza ndizo zimekuwa zikigawana mataji. Katika kandanda ya wanawake kuna Ulinzi Starlets na Kenya Police Bullets. Msichana wa Kenya anayetaka kuishi kwa mchezo hutafuta kwanza mwajiri mwenye timu, na waajiri wa aina hiyo wana makao makuu jijini.

Wanariadha wa Gusii walilijua hilo zamani. Hellen Obiri, mzaliwa wa Kisii na bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2017 na 2019, aliingia jeshini kabla dunia haijamfahamu. Mary Moraa, mzaliwa mwingine wa Kisii, bingwa wa dunia wa mita 800 mwaka 2023, ni afisa wa polisi. Tofauti ni kwamba mkimbiaji anaweza kujifua peke yake kwenye barabara ya murramu hadi siku mwajiri atakapomwona. Mchezaji wa magongo hana namna ya kuonekana bila wenzake kumi, gongo na uwanja.

Alama ya C+

Nguzo ya pili ya ligi ni vyuo vikuu. Strathmore, USIU na Kenyatta zina viwanja, wakufunzi, mabasi na, muhimu zaidi, wachezaji wapya kila mwaka. Mchezaji wa chuo analala bwenini na kula kantini, akitoka darasani anakwenda mazoezini. Klabu ya kawaida inayotegemea michango ya wanachama haiwezi kushindana kwa urahisi na mpangilio huo, na jedwali la ligi limekuwa likionyesha hivyo mwaka baada ya mwaka.

Lakini mlango wa chuo kikuu una kipimo chake. Nchini Kenya, kiwango cha chini cha kusomea shahada ni alama ya C+ katika mtihani wa kidato cha nne. Msichana mwenye mkono mwepesi na jicho la kuona pasi kabla haijapigwa, akipata C ya kawaida, amefungiwa mlango wa timu za vyuo za ligi kuu kabla kocha hajamwona akicheza. Atabaki na klabu za wanachama, nazo zipo Nairobi, Mombasa na Kisumu, ambako atahitaji nauli, chumba cha kupanga na kazi inayomruhusu kutoka wikendi.

Kwa msichana wa Suneka au Keroka hesabu hiyo ni nzito. Kutoka Kisii hadi Nairobi kupitia Narok ni takriban kilomita 300. Kisumu ni karibu zaidi, kama kilomita 110, na kwa vile Lakers wako huko, ndiyo klabu kubwa iliyo jirani kuliko zote. Hata hivyo, hakuna mchezaji atakayesafiri kilomita 220 kwenda na kurudi kila siku ya mazoezi.

Mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Kisii kilipata hati yake ya kujitegemea. Kwa mtazamo wa magongo, hilo ni tukio kubwa kuliko linavyosikika, kwa sababu kwa mara ya kwanza mji wa Kisii ulipata taasisi ya aina ileile inayozaa timu za ligi kwingineko: yenye maelfu ya vijana, ardhi na bajeti ya michezo. Strathmore haikuanza na mabingwa. Ilianza na wanafunzi.

Ekari moja na robo

Kikwazo cha tatu kiko chini ya miguu.

Uwanja kamili wa magongo una urefu wa mita 91.4 na upana wa mita 55, yaani ekari moja na robo ya ardhi iliyo sawa kabisa. Kisii ilikuwa na watu 958 katika kila kilomita ya mraba mwaka 2019, na Nyamira 675. Mashamba yamegawanywa kwa wana na wajukuu hadi familia nyingi zinalima vipande visivyofika ekari moja, vingi vikiwa mteremkoni: migomba juu, majani chai katikati, nyasi za ng'ombe chini karibu na mto. Ekari moja na robo iliyo tambarare ni mali ambayo mtu hupata shida hata kuifikiria, na ikipatikana katika shule ya upili, kandanda itakuwa imeshaikalia.

Kisha mvua. Milima ya Gusii hupata zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka. Nyasi humea haraka na udongo hukaa na maji, na magongo ya nyasi zilizolowa ni mchezo tofauti na ule unaochezwa jijini.

Tofauti hiyo huonekana vizuri zaidi kwenye kona fupi, pigo linaloamua mechi nyingi. Mabeki wanne na kipa husimama nyuma ya mstari wa goli, wenzao wote wakiwa wamefukuzwa hadi ng'ambo ya katikati ya uwanja. Mshambuliaji mmoja, akiwa pembeni mwa lango kwa umbali wa mita 10 au zaidi, anausukuma mpira kwa kasi hadi nje ya nusu duara. Mwenzake anainama, analaza gongo chini, anausimamisha. Wa tatu anapiga. Pigo la kwanza likiwa la kuchapa, mpira lazima uvuke mstari chini ya sentimita 46, urefu wa ubao ulio ndani ya lango. Akiuburuta na kuurusha kwa gongo, anaruhusiwa kuupeleka juu. Wakati huo wote mabeki wanne wanamkimbilia yeye.

Kwenye nyasi bandia zilizomwagiwa maji, mpira huteleza kama ulivyotumwa na mambo hayo yote huisha kwa muda wa pumzi moja. Kwenye nyasi za shule, mpira ukigonga kichuguu kidogo unaruka juu ya gongo la anayeusimamisha, na kona imekwisha kabla haijaanza. Kwa hiyo timu za shule hujifunza kupiga mbele na kukimbiza, ilhali timu za ligi hujifunza pasi fupi, kuburuta na kugeuza mchezo kutoka upande mmoja hadi mwingine. Msichana anayetoka nyasi za kweli kwenda nyasi bandia hulazimika kuanza upya, hata kama alikuwa nyota kwao.

Kenya nzima imewahi kuonja badiliko hilo. Katika miaka ya 1960 na mwanzo wa 1970 timu ya taifa ya wanaume, iliyojengwa zaidi na jamii za Masingasinga na Wagoa, ilikuwa miongoni mwa bora duniani. Ilimaliza ya sita katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964 na ya nne katika Kombe la Dunia la kwanza, Barcelona, mwaka 1971, Avtar Singh Sohal akiwa nahodha. Kisha Olimpiki ya Montreal mwaka 1976 ikachezewa kwenye nyasi bandia kwa mara ya kwanza. Kenya haikuwepo, ilisusia pamoja na nchi nyingi za Afrika kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya ubaguzi. Miaka minne baadaye, magongo ya wanawake yalipoingia Olimpiki kule Moscow na Zimbabwe ikatwaa dhahabu, Kenya ilikuwa imesusia tena.

Nyasi bandia zilifika Nairobi kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya mwaka 1987, katika uwanja wa City Park, Parklands. Tangu hapo City Park imekuwa nyumba ya magongo ya Kenya, na mechi nyingi za ligi zimechezwa hapo. Timu ya Nairobi hushuka kwenye matatu na kuingia uwanjani. Timu ya nje ya jiji hulipa basi, chakula na malazi, na ikiwa imebahatika hupangiwa mechi mbili kwa wikendi moja ili safari ilipe.

Njia ya kupitia Nyanza

Kwa miaka mingi magongo yamekuwa kwenye michezo ya shule ya muhula wa kwanza, pamoja na kikapu, mpira wa mikono na raga. Ngazi ni zilezile: kaunti ndogo, kaunti, kanda, taifa, halafu Afrika Mashariki. Kwa mpangilio wa shule, Kisii na Nyamira ziko kanda moja na Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori. Na hapo ndipo mambo yanapokuwa magumu.

Kisumu ina Sinyolo Girls. Siaya ina Nyamira Girls. Hizo ni timu za kiwango cha kitaifa, na zote mbili zimo ndani ya Nyanza. Bingwa wa Kisii au Nyamira hakutani nazo baada ya kupata uzoefu wa mashindano makubwa. Anakutana nazo mlangoni, kwenye michezo ya kanda. Timu iliyojifunzia kwenye mteremko na kucheza mechi chache kwa mwaka hufika pale, huzabwa, hurudi nyumbani kusubiri mwaka mwingine. Wasichana wa kidato cha nne hawana mwaka mwingine.

Madhara yake si kombe lililokosekana tu. Michezo ya kitaifa ndiyo soko la vipaji, mahali ambapo makocha wa vyuo na klabu huja kuangalia nani ana nini. Asiyefika hapo hajulikani. Mwalimu wa michezo aliyeona timu yake ikitolewa mapema miaka mitatu mfululizo naye huanza kujiuliza kama zile fedha za magongo na pedi za kipa zisingefaa zaidi kwenye voliboli, ambako wavu mmoja na mpira mmoja vinatosha wanafunzi dazeni.

Athari ya msingi mwembamba huonekana juu kabisa. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Birmingham mwaka 2022, timu ya magongo ya wanawake ya Kenya ilifungua kampeni yake kwa kuzabwa 16-0 na New Zealand. Wachezaji wale walikuwa bora miongoni mwa waliopatikana, lakini walichaguliwa kutoka klabu chache, nyingi za jiji moja. Katika michezo hiyohiyo, siku chache baadaye, Moraa aliibeba Kenya hadi dhahabu ya mita 800, akimwacha Mwingereza Keely Hodgkinson katika nafasi ya pili mbele ya mashabiki wake. Riadha ilikuwa imemchota kijijini Kisii, mahali ambapo wavu wa magongo haujafika.

Nusu ya uwanja

Tangu mwaka 2013 viwanja ni jukumu la kaunti. Katiba ya 2010 inaziachia serikali za kaunti michezo na vifaa vyake. Kisii ina Uwanja wa Gusii, Nyamira ina Manga, na fedha za viwanja zinapotengwa, kandanda na riadha husimama mbele ya foleni kwa sababu ndizo zenye umati. Kudai uwanja kamili wa nyasi bandia za magongo katika mazingira hayo, wenye mfumo wake wa maji na fundi wake wa kuutunza, ni kudai kitu ambacho hata Kisumu na Mombasa zimehangaika kukipata.

Kuna njia nyingine, nayo imeshachezewa Kombe la Dunia. Magongo ya wachezaji watano kila upande huchezwa kwenye uwanja usiozidi mita 55 kwa 41.7, chini ya nusu ya ule mkubwa, ukizungushiwa mbao zinazourudisha mpira ndani. Hakuna nusu duara wala kona fupi. Mchezaji anaweza kufunga kutoka popote. Kombe la Dunia la kwanza la mchezo huo lilifanyika Muscat, Oman, Januari 2024. Uholanzi ilitwaa taji la wanawake kwa kuifunga India katika fainali, na Afrika Kusini na Namibia zilikuwa miongoni mwa timu za Afrika zilizoshiriki. Namibia ina watu milioni tatu hivi, hawafiki mara mbili ya wa Kisii na Nyamira wakiwekwa pamoja.

Kwa shule ya mlimani, uwanja wa ukubwa huo unaweza kukatwa kwenye mteremko bila kuhamisha kilima kizima. Wachezaji wakiwa watano, seti mbili za vifaa vya kipa na magongo kumi yanatosha kuanzisha mechi ya mazoezi, na shule mbili jirani zinaweza kuazimana. Mchezaji hugusa mpira mara nyingi zaidi kuliko akiwa mmoja wa kumi na mmoja, na hujifunza kile hasa ambacho nyasi ndefu humnyima: kudhibiti mpira mahali padogo huku mpinzani akiwa begani.

Hilo peke yake halitaipeleka timu ya Gusii kwenye ligi kuu, ambayo bado inachezwa kwa wachezaji kumi na mmoja kwenye uwanja mkubwa. Itabidi pia chuo kikuu kilichoko mjini Kisii kiingize timu ya wanawake katika ligi ya daraja la chini, kivumilie misimu miwili mitatu ya kufungwa, na kilipie basi la Nairobi wakati umati wa kuishangilia haujapatikana. Itabidi pia shule za kanda zikubali kucheza mechi za kirafiki na Sinyolo na Nyamira ya Bondo mwezi Oktoba na Novemba, bila kusubiri kukutana nazo mwezi Machi zikiwa zimenoa meno. Na kwa wale wanaopata C, au D+, itabidi klabu ya wanachama ianzishwe hapohapo mjini, kama Kisumu ilivyofanya na Lakers, ili kidato cha nne kisiwe mwaka wao wa mwisho wa kushika gongo.